Kula kidogo baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: mwongozo kwa jiko la Kigoma

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali, huko Dar es Salaam, nilikabidhiwa karatasi mbili za maelekezo ya chakula. Ziliandikwa kwa Kiingereza. Ziliniambia nile mtindi usio na mafuta, jibini laini, brokoli iliyosagwa na supu ya bata mzinga. Nilizisoma kitandani mpaka mwisho, nikazikunja, nikabaki nawaza nitazifanyia nini Ujiji, ambako sufuria ya nyumbani imezoea muhogo, dagaa, samaki aina ya migebuka, maharage na sombe, yaani kisamvu. Nilihangaika miezi mitatu kabla sijajua namna ya kula tena. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani kuelezwa siku ile, na ninamwandikia mtu anayerudi Kigoma akiwa na kidonda kibichi tumboni na familia inayomsubiri na sinia.

Mimi si daktari. Daktari aliyekupasua akikwambia tofauti na ninavyosema hapa, mfuate yeye, kwa sababu yeye ndiye anayejua alichokikuta na alichokifanya ndani yako.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya yote. Wengi wetu hudhani kazi tuliyo nayo ni kupunguza kiasi cha chakula. Kiasi kimeshapunguzwa na kisu. Kazi uliyobakiziwa wewe ni mwendo: unakula kwa haraka gani, unatafuna mara ngapi, unakunywa maji saa ngapi, unaanza na kipi. Karibu kila mara nilipoumia, nilikuwa nimekula kwa haraka. Mara chache sana nilikuwa nimekula kingi.

Jua tumbo lako limekuwaje

Mimi nilikatwa mfuko wa tumbo. Katika upasuaji huo sehemu kubwa ya mfuko, kama asilimia 75 hadi 80, hutolewa kabisa. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, ambao mwanzoni huchukua kama mililita 100 hadi 150. Wengine hufanyiwa upasuaji wa njia ya mkato: daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Uliza umefanyiwa upi, uandikiwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo uitunze pamoja na kadi ya bima.

Sehemu ya tumbo niliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Kwa hiyo miezi ya mwanzo unaweza kukaa mpaka adhuhuri bila tumbo kukudai chochote. Usingoje njaa ndipo ule. Kula kwa saa, kama mtu anayemeza dawa.

Tafuta kipimo chako mapema. Mimi nilichukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono ambacho wauza kahawa hutembea nacho, nikakipima kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Kiliingia mabomba matatu: mililita 60. Kikombe hicho kimoja ndicho kilichokuwa mlo wangu mzima kwa wiki nyingi, na mpaka leo kinakaa kabatini peke yake, hakuna anayekigusa.

Hatua ya 1: Usikimbilie kurudi

Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na barabara nayo si fupi. Mtu aliyetoka kupasuliwa akikaa kitini saa nyingi bila kunyoosha miguu anaweza kuganda damu kwenye mashavu ya miguu, na bonge hilo likipanda mapafuni linaua. Kaa kwa ndugu Dar mpaka uone daktari kwa mara ya kwanza na akuruhusu kusafiri. Ukiwa njiani, simama na utembee kila gari au treni inapokupa nafasi, chezesha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, na chupa ya maji isitoke mkononi.

Nunua vitamini zako hukohuko, za miezi mitatu. Usitegemee kuzikuta katika duka la kwanza la dawa utakaloingia huku.

Hatua ya 2: Wiki mbili za vitu vya maji

Siku moja au mbili za mwanzo ni maji matupu na supu nyepesi iliyochujwa. Baada ya hapo, mpaka wiki mbili zitimie, unaruhusiwa vitu vya maji vyenye lishe: maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi mwepesi usiotiwa sukari, uji mwembamba unaopita kwenye chujio, supu ya samaki.

Supu ya samaki Kigoma hatuifundishwi. Chemsha samaki aina ya kuhe kwa chukuchuku, yaani kitunguu, nyanya, ndimu na chumvi kidogo, bila mafuta wala pilipili, halafu chuja mara mbili. Mara ya pili tumia kitambaa safi, kwa sababu mwiba mwembamba hupita kwenye chujio la chai.

Kunywa mafunda madogo. Kikombe kimoja cha kahawa kichukue robo saa au zaidi. Lengo la siku nzima ni lita moja na nusu ya vinywaji vyote, na wiki ya kwanza huenda usiifikie. Endelea tu, funda baada ya funda, tangu unapoamka. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi, hujanywa vya kutosha. Mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijaanza, joto la Kigoma hukausha mwili hata ukiwa umekaa kivulini, kwa hiyo siku hizo ongeza juhudi. Maji yachemshwe. Kuhara siku moja, ambako zamani ungekuchukulia kawaida, sasa kutakumaliza, kwa kuwa huwezi kunywa lita nzima kwa mkupuo kufidia yaliyotoka.

Soda weka mbali, hata ile isiyo na sukari. Gesi inajaza mrija na inauma.

Hatua ya 3: Vyakula vya kupondwa, na unga wa dagaa

Wiki ya tatu na ya nne chakula kinakuwa laini kama cha mtoto anayeanza kula: hakina bonge, hakihitaji meno. Hapa ndipo protini inapokuwa shida. Mtu aliyepasuliwa anahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, ili kidonda kipone na misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe kikubwa cha maziwa, mililita 250, kina gramu 8. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 7. Piga hesabu mwenyewe uone namna ya kuviingiza vyote katika tumbo la mililita 100.

Huko mijini watu hununua unga wa protini wa kopo, nao ni mzuri ukiumudu. Mimi niliishiwa kopo langu wiki ya tatu, nikarudi kwenye kitu ambacho mkoa wetu unacho kwa wingi. Gramu 10 za dagaa wakavu zina protini inayokaribia ya yai zima, na gramu 10 ni konzi moja ndogo.

Nenda Kibirizi asubuhi, au sokoni Mwanga, uchague dagaa waliokaushwa juu ya kichanja au wavu. Walioanikwa chini wana mchanga, na mchanga huo hautoki wote hata ukiosha mara nne. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, ananukia ziwa, na ukimkunja anakatika. Akijikunja bila kukatika hajakauka. Akiwa amegeuka njano kwa mafuta yaliyochacha, mwache.

Nyumbani, toa vichwa na lile tumbo jeusi. Ni kazi ya saa nzima kwa sado moja, na ni kazi nzuri kwa mtu ambaye bado haruhusiwi kunyanyua ndoo. Osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu, tandaza juani mpaka wakauke tena, halafu uwaweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, bila tone la mafuta, ukigeuza kwa mwiko bila kuacha. Watakapoanza kulia kama majani makavu na harufu ikabadilika kutoka ya samaki mbichi kuwa kama ya karanga, epua. Twanga kwenye kinu wakiwa bado na moto. Wakipoa wanarudi kuwa wagumu. Chekecha kwa chekeche la unga, kinachobaki juu ukirudishe kinuni, na kisichopondeka kabisa mpe kuku. Utapata unga wa rangi ya majivu ya kahawia, laini, wa kukaa kwenye chupa kavu wiki mbili.

Vijiko viwili vya chakula vya unga huo, ndani ya uji mwembamba wa mahindi au ndani ya kiazi kilichopondwa na maziwa, vilinivusha mwezi mzima. Onja chumvi kabla ya kuongeza yoyote, dagaa wana chumvi yao. Na kama moyo unakataa uji wenye ladha ya samaki, tia ndimu na kitunguu swaumu, uule kama supu nzito.

Maharage nayo yanafaa hatua hii. Yale ya Kasulu hulainika vizuri. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka yavunjike, pondea kwenye chujio ili maganda yabaki juu. Mtu mwenye blenda asage tu. Wengine gesi ya maharage huwasumbua, basi waanze na kijiko kimoja.

Hatua ya 4: Vyakula laini, na tonge lililonikwama

Wiki ya tano hadi ya nane unaanza kutafuna. Mnofu wa kuhe au mgebuka wa kuchemsha, yai la kuchemsha lisilokauka sana, maharage bila kupondwa, boga, parachichi kidogo. Mgebuka una mafuta, ladha yake hukamata, ila nyofoa kila mwiba kwa vidole kabla chakula hakijafika mdomoni, usiutegemee ulimi. Kipande cha samaki cha gramu 30 hivi, ukubwa wa kiberiti, kina protini gramu 6 au 7, na kwa wiki hizo ni mlo.

Mimi sikusubiri. Wiki ya nne na siku mbili, mchana, familia yote tumekaa mkekani, nikaona ugali wa muhogo unatoa mvuke na sombe ya mawese pembeni. Nikamega tonge. Lilikuwa dogo, nusu ya tonge la mwanangu wa miaka mitano. Nikalitowelea, nikatafuna mara tatu kama tulivyozoea kutafuna ugali, nikameza. Dakika moja haikupita, nikahisi kitu kimesimama katikati ya kifua, kama ngumi inayosukuma kutoka ndani. Mdomo ukajaa mate mazito yenye povu, nikawa natema kwenye beseni, siwezi kumeza hata mate yangu. Nikatembea uani huku nimejishika ukuta, nusu saa nzima, mpaka tonge likarudi kama lilivyoingia. Muhogo haukuwa na kosa. Ugali wa muhogo unavutika, hauvunjiki mdomoni, na ukikutana na mrija mwembamba unakuwa kama kizibo.

Ikikupata hali hiyo, usinywe maji kulisukuma. Maji yatakaa juu yake na maumivu yataongezeka. Simama, tembea taratibu, pumua, subiri. Baada ya hapo rudi kwenye vitu vya maji kwa siku nzima, kwa sababu sehemu ile imevimba. Na ukiona kitu hakishuki wala hakirudi kwa saa kadhaa, nenda hospitali.

Hatua ya 5: Jifunze mwendo

Kila kipande kiwe na ukubwa wa punje ya karanga. Tumia kijiko cha chai, hata kama desturi yenu ni mkono, angalau miezi sita ya mwanzo. Mkono unachota kwa mazoea yake ya miaka 40. Tafuna mara 20 hadi 30, mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Weka kijiko chini. Subiri kama dakika moja. Chukua kingine. Mlo mzima uchukue dakika 20 hadi 30, na ukifika nusu saa, kilichobaki hata kama ni kijiko kimoja, acha. Nilikuwa naweka simu mbele yangu naangalia dakika, na wanangu walizoea kuniambia, "Mama, bado."

Maji na chakula visikutane. Acha kunywa unapokaribia mlo, na baada ya kula subiri nusu saa kamili ndipo unywe. Ukinywa juu ya chakula unajaza nafasi ndogo uliyonayo kwa maji, au unakisukuma chakula kishuke haraka na njaa irudi mapema. Hili lilinichukua muda kuliko yote, kwa sababu kwetu mtu akimaliza kula anapewa kikombe cha maji kabla hajanawa.

Shibe nayo imebadilisha lugha. Zamani shibe yangu ilikuwa tumbo kunyooka. Sasa inakuja kama mkazo mdogo chini ya kifua, au kwikwi moja, au chafya, au kamasi nyepesi puani bila mafua. Kila mtu ana yake. Mimi ni pua: nikianza kupenga, kijiko kinakwenda chini hapohapo. Kijiko kimoja baada ya dalili hiyo ndicho hutapisha. Andika dalili zako kwa wiki mbili, utaijua yako.

Mpangilio wa kisahani usibadilike: protini kwanza, mboga ikifuata, wanga mwisho, kama nafasi ipo. Mara nyingi haipo.

Hatua ya 6: Sinia, wageni na maneno ya watu

Waambie watu wa nyumbani mapema, kwa maneno ya wazi. Kwetu mtu asiyekula ana hasira, anaumwa, au anamdharau mpishi. Mama mkwe wangu alikuja kunitazama kutoka Mwandiga, akapika mwenyewe, akaniona nimeacha zaidi ya nusu.

"Mwanangu, chakula changu kina nini?"

"Mama, hakina kitu. Tumbo limekatwa, limebaki kama ndizi moja. Nikizidisha litanitapisha, na mimi sitaki kutapika chakula chako."

Alinyamaza, akanyanyuka, akarudi na kisahani cha chai. Tangu siku ile, akija, kisahani changu hukipakua yeye kabla ya sinia kuwekwa, na samaki wangu ameshatolewa miba. Mwenye mama mkwe wa namna hiyo amshukuru Mungu. Asiye naye aombe kisahani chake mwenyewe, akae mkekani na wenzake, ale kwa kijiko chake. Usikimbilie kula chumbani. Ukijitenga utasahau kula, na nyumba itaona umeondoka.

Harusini na msibani, kula kidogo nyumbani kabla ya kwenda. Ukifika, pokea sahani, onja nyama laini, mtunze mwenye shughuli kwa maneno mazuri, iliyobaki mpe mtoto. Makombo ya watoto nyumbani usiyamalize wewe. Sisi akina mama tuna tabia ya kufuta sahani zao, na vijiko vitatu vya wali vya Juma na viwili vya Asha vinatosha kuwa mlo mzima usiouhesabu.

Kuhusu Ramadhani, Ujiji ni mji wa Waislamu wengi na swali hili litakuja. Nilimuuliza daktari wangu, nikamuuliza na shekhe wa msikiti wetu, na wote wawili waliniambia mwaka wa kwanza nisifunge, kwa sababu maji ya siku nzima hayawezi kuingia ndani ya usiku mmoja katika tumbo kama langu. Uliza wa kwako.

Na watakusema. Mtu akikonda upesi, mtaa unamtafutia ugonjwa. Niliitwa majina ya magonjwa mawili kabla ya mwezi wa nne. Nilichagua watu watano wa kuwaeleza ukweli, waliobaki nikawaacha na maswali yao. Mwezi wa tatu hadi wa sita nywele pia hutoka kwa wingi, hilo ni la kawaida na kwa wengi hurudi zikipata protini na madini ya kutosha, ila linawapa watu la kusema. Suka ndogondogo zisizovuta.

Hatua ya 7: Kurudia ugali, wali na vitamu

Baada ya miezi miwili, daktari akikubali, jaribu kitu kipya kimoja kwa siku, mchana, ukiwa nyumbani. Usijaribu vitu viwili pamoja, hutajua kilichokuumiza. Ugali wa mahindi laini ulinikubali mwezi wa tatu, ule wa muhogo mwezi wa saba, na mpaka leo sizidishi matonge mawili ya ukubwa wa kunazi. Wali, mkate mweupe na chapati hushikana na kuvimba, wengi huvishindwa kuliko ugali. Nyama ya ng'ombe ngumu iache mpaka mwisho, au uichemshe mpaka iachane na mfupa yenyewe.

Mawese ni chakula chetu na yana vitamini A kwa wingi katika ile rangi yake nyekundu. Kijiko kimoja cha chai kwenye mboga kinatosha. Yakizidi utajua.

Sukari ndiyo hatari nyingine, hasa kwa aliyefanyiwa njia ya mkato. Chai tamu, kaimati, juisi, keki ya harusi: vikimiminika kwenye utumbo kwa kasi, ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linakata, unaharisha, unataka kulala. Madaktari huita hali hiyo dampingi. Kuna nyingine inayokuja baada ya saa moja hadi tatu, ambapo sukari ya damu inashuka ghafla, mikono inatetemeka na macho yanaona giza. Ikikupata hiyo ya pili mara kwa mara, mwambie daktari. Pombe nayo sasa inapanda kichwani upesi kuliko zamani, iache.

Hatua ya 8: Vidonge, na lini ukimbilie hospitali

Vitamini ni za maisha yote, hata siku utakapojisikia mzima kabisa: vidonge vya vitamini mchanganyiko, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, kwa dozi ya daktari wako. Chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, viachane saa mbili, kwa sababu kimoja humzuia mwenzake. Chuma usikimeze na chai.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, dozi za zamani zinaweza kuwa kubwa mno kwa mwili wako mpya. Pima, na urudi kliniki mapema. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usijinunulie dukani, zinaweza kutoboa vidonda tumboni. Na dada zangu, mimba isubiri miezi 12 hadi 18, tumieni njia ya uzazi wa mpango mtakayoshauriwa.

Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ukiona lolote kati ya haya: vinywaji havikai tumboni siku nzima; homa; maumivu makali ya tumbo au bega la kushoto; moyo kwenda mbio zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umepumzika; kushindwa kupumua; mguu mmoja kuvimba na kuuma; kutapika damu au choo cheusi kama lami.

Ukifika Maweni au hospitali yoyote, neno lako la kwanza liwe: "Nilipasuliwa kupunguza tumbo, tarehe fulani." Onyesha ile karatasi. Kama umekuwa ukitapika siku nyingi, na hasa kama miguu inakufa ganzi, unayumba au unaona vitu viwili viwili, waambie na hilo, uwaulize kuhusu vitamini B1 kabla hawajakutundikia dripu ya sukari. Mwili uliokaukiwa B1 ukipewa sukari kwanza, ubongo unaweza kuumia. Mfundishe sentensi hiyo mtu unayeishi naye, kwa sababu siku hiyo huenda usiweze kuisema wewe.

Siku yangu ya sasa

Huu ni mwaka wa pili. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi naanza maji, mafunda madogo, nusu lita mpaka saa mbili kasoro. Saa mbili na nusu yai moja na kipande cha parachichi. Saa nne na nusu maziwa, kikombe kimoja. Saa saba mchana kisahani: samaki, sombe, tonge moja au mawili. Saa kumi maharage vijiko vinne. Saa moja usiku supu yenye unga wa dagaa. Katikati ya yote hayo ni maji, nusu saa baada ya kila mlo. Kila baada ya miezi sita napima damu: wekundu wa damu, chuma, B12, kalsiamu. Kabla ya kulala naijaza chupa, naiweka kando ya mto, na vidonge vya asubuhi navihesabu ndani ya kile kikombe cha kahawa.